Meza Kwanza, Ndege Baadaye

Anayeanza mchezo wa vita vya angani mezani karibu kila mara huanzia pasipofaa: kwenye boksi. Juu ya boksi pamechorwa Spitfire ikimimina risasi juu ya bahari. Ndani mna fremu za plastiki ya kijivu, vipande mia na ushei, rubani wa kushikwa kwa ncha ya koleo, na karatasi ya alama za kubandika zenye maandishi ambayo hata mwenye macho mazuri huyasoma kwa kubahatisha. Mnunuzi anaunganisha, anapiga msasa, anapaka rangi. Siku ya pambano anaiweka mezani na kugundua kwamba nafasi aliyodhani ni anga kubwa imekwisha. Zikija ndege nne, mabawa yanagongana kabla hata dadu haijarushwa.

Ndege yenyewe haina kosa. Imetengenezwa ikae rafuni, itazamwe kwa karibu, igeuzwe taratibu kiganjani. Mchezo unataka kitu kingine kabisa: ndege inayotambulika kwa mtu aliyesimama upande wa pili wa meza, inayokaa imara juu ya kijiti, inayoweza kushikwa mara mia usiku mmoja bila kung'oka propela. Ndiyo maana utaratibu wenye akili ni kuchagua meza kwanza, pambano baadaye, na ndege mwisho wa yote. Wauzaji hawatalipenda pendekezo hilo, maana biashara yao imesimama juu ya utaratibu wa kinyume chake.

Kipimo cha 1/72, ambacho ndicho kimejaza rafu za maduka ya modeli duniani, hakikutoka kwa wachezaji. Ni hesabu ya Waingereza: inchi moja inasimama badala ya futi sita, kwa hiyo mtu mzima mrefu anakuwa na kimo cha inchi moja. Katika miaka ya 1930 palikuwa na modeli za Skybirds, za mbao na chuma, na mwaka 1936 Frog wakaleta mfululizo wao wa Penguin wa plastiki, zote kwa kipimo hicho. Vita vilipokuja, kipimo kikapewa kazi ya serikali. Mwaka 1942 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge modeli za mbao 500,000 za aina 50 za ndege, ili mabaharia na wapiga mizinga wajifunze kutenganisha ndege ya rafiki na ya adui. Modeli ya 1/72 ikitazamwa kutoka futi 35 huonekana kama ndege halisi iliyo umbali wa karibu nusu maili. Zilipakwa rangi nyeusi tupu. Hapakuwa na kioo, wala mstari wa bati, wala jina la rubani. Lililotakiwa lilikuwa umbo, basi.

Mchezaji wa leo ana shida ileile ya baharia yule, ila umbali wake ni upana wa meza. Lakini somo hilo lilisahauliwa upesi. Airfix, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, mkimbizi kutoka Hungaria, ilitoa Spitfire yake ya kwanza mwaka 1953, nayo ikauzwa katika maduka ya Woolworths kwa shilingi mbili za Uingereza. Tangu hapo ushindani wa viwanda umekuwa wa kuongeza vipande: riveti zilizo wazi zaidi, chumba cha rubani kilichojaa zaidi, milango ya magurudumu inayofunguka. Kwa mtu wa rafuni hayo ni maendeleo. Kwa mtu wa mezani kila kipande kilichoongezwa ni kipande kingine kitakachovunjika Jumamosi usiku.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo mabishano mengi yangekufa kama watu wangeshika rula. Hawker Hurricane ina upana wa mabawa wa mita 12.19. Kwa 1/72 hiyo ni karibu sentimita 17. Kwa 1/144 ni sentimita 8 na nusu. Kwa 1/300 ni sentimita 4. Kwa 1/600 ni sentimita 2. Marubani wengi wa Uingereza walipenda bunduki zao zilenge mahali pamoja umbali wa yadi 250, yaani mita 230 hivi. Umbali huo kwa 1/72 ni zaidi ya mita 3. Maana yake, ili Hurricane ya 1/72 impige adui kwa umbali wa kweli, adui huyo hana budi kusimama sebuleni kwa jirani. Kwa 1/144 ni mita moja na nusu na zaidi. Kwa 1/300 ni sentimita 76. Kwa 1/600 ni sentimita 38. Halafu kuna mwendo. Ndege inayokwenda kilomita 480 kwa saa inakula mita 133 kila sekunde, yaani karibu mita 1.85 kila sekunde kwa 1/72. Meza ya kawaida ya michezo hii ina futi sita kwa nne, sentimita 180 kwa 120. Ndege ingeivuka kwa sekunde moja na kuangukia kwenye kochi.

Kwa hiyo kila mchezo wa angani unasema uongo kuhusu umbali. Kanuni zote zinaipa ndege kipimo kimoja na anga kipimo kingine, na hakuna aibu katika hilo. Donald Featherstone, mmoja wa waasisi wa michezo hii nchini Uingereza, alipochapisha kitabu chake cha michezo ya vita ya angani mwaka 1966 suala hilo lilikuwa limeshawakabili wote walioujaribu mchezo. Swali la kununua linakuwa hili: uongo uwe mkubwa kiasi gani kabla jicho halijaukataa? Ndege mbili za 1/72 zilizogusana ncha za mabawa, huku kanuni zikidai kuna mita 200 kati yao, jicho hukataa. Mbili za 1/300 zilizo na nafasi ya kiganja kati yao, jicho hukubali bila ubishi.

Waliobuni michezo iliyofanikiwa waliyajua haya. Waitalia wawili, Andrea Angiolino na Pier Giorgio Paglia, walitoa Wings of War mwaka 2004 wakitumia kadi: mchezaji anachagua kadi zenye mishale ya mwendo, anaziweka kifudifudi, kisha wote wanafunua kwa pamoja. Modeli zilipofuata, za Vita vya Kwanza vya Dunia zilikuwa za 1/144 na za Vita vya Pili zikawa za 1/200. Si kwamba mtu aliteleza. Sopwith Camel yenye mabawa ya mita 8.53 inakuwa na sentimita 6 kwa 1/144. Ndege za Vita vya Pili, ambazo ni kubwa zaidi, zikashushwa kipimo ili zikae kwenye nafasi ya ukubwa uleule. Kadi ndiyo iliyochagua ndege.

Blood Red Skies, mchezo wa Andy Chambers uliotolewa na Warlord Games mwaka 2018, nao uko 1/200, lakini ujanja wake uko kwenye kitako. Kijiti kinainama: pua ikiwa juu, rubani ana faida, ikiwa sawa, hana faida wala hasara, ikiwa chini, yuko taabani. Hakuna karatasi ya kuandika urefu wala mwendo. Mtu anayeingia chumbani anatupa jicho mezani na kujua nani anakimbizwa. Hapo modeli imefanya kazi ambayo maneno ya kanuni yangechukua kurasa. Anayenunua ndege ya mchezo huo afikirie mkao wake ikiwa imeinama, maana tumbo lake litaonekana, na walio wengi huwa hawakulipaka rangi.

Kuna pia shule ya wanaopenda urefu uonekane. Wachezaji wa Check Your 6!, mchezo wa Scott Fisher unaochezwa juu ya uwanja wa pembe sita na ambao mchezaji huandika mwendo wake kabla ya kusogeza, mara nyingi hutumia ndege za 1/300 au 1/285 juu ya antena za kuvuta zilizong'olewa kwenye redio mbovu, zikiunganishwa kwa sumaku ndogo. Ndege ikipanda, antena inavutwa, ikishuka, inasukumwa. Kati ya 1/300 ya Waingereza na 1/285 ya Wamarekani pana tofauti ya milimita mbili tu kwenye mabawa ya Hurricane, na anayekataa kuzichanganya anajinyima bure.

Kipimo cha 1/600 kina kazi yake maalumu, nayo ni wingi. Heinkel He 111 ina sentimita 4 tu kwa kipimo hicho, kwa hiyo mtu anaweza kuweka kundi zima la ndege za mabomu mezani likaonekana kundi kweli. Kwa ndege moja moja, hata hivyo, 1/600 inavunja moyo. Rangi inayeyuka, aina zinafanana, na mwenye umri wa zaidi ya miaka arobaini anaanza kuuliza ipi ni ya nani.

Lakini kipimo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni vita gani, na hapa ndipo wanunuzi wanapofuata mkumbo. Wengi hununua Spitfire na Messerschmitt kwa sababu ndizo zilizoko dukani, kisha wanajikuta wakihitaji makundi ya ndege za mabomu, ndege za kuyasindikiza, na meza isiyotosha. Kwa msomaji wa Kiswahili kuna vita vya angani vilivyopiganwa jirani kabisa, vidogo kiasi cha kuingia mezani bila kupunguzwa: kampeni ya Afrika Mashariki ya 1940 na 1941.

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na mwezi uleule ndege zake zilishambulia Wajir, kaskazini mwa Kenya. Upande mmoja palikuwa na Fiat CR.42, ndege ya kivita yenye mabawa ya ghorofa, moja juu ya jingine, iliyoachwa nyuma na wakati Ulaya lakini ikawa hatari katika anga hii. Upande wa pili palikuwa na Gloster Gladiator, nayo ya ghorofa, na Hurricane za Jeshi la Anga la Afrika Kusini zilizoletwa Kenya na Sudan. Pambano la kawaida lilikuwa la ndege chache kwa chache. Hakuna haja ya kuchukua mashambulizi ya ndege mia na kujifanya kwamba sita mezani zinawakilisha zote. Ndege sita ni ndege sita.

Uzuri wake mchezoni ni kwamba ndege hizi hazipigani kwa namna moja. CR.42 ilikwenda kilomita 440 hivi kwa saa na kugeuka ndani ya nafasi ndogo mno; ilibeba bunduki mbili tu, ila za milimita 12.7. Hurricane ilikuwa na kasi zaidi na bunduki nane za milimita 7.7. Ikikubali kuzungukana na CR.42, imejitakia. Ikishuka kutoka juu, ikapiga na kwenda zake, CR.42 haina la kufanya. Gladiator imekaa katikati, na dhidi ya CR.42 ushindi unaamuliwa zaidi na rubani kuliko injini. Mchezaji mgeni anayaelewa haya katika raundi tatu, bila kusomewa jedwali.

Tena kuna visa ambavyo mtunzi wa riwaya angeogopa kuvibuni. Tarehe 15 Machi 1941 Kapteni John Frost wa Kikosi cha 3 cha Afrika Kusini alilazimika kutua na Hurricane yake iliyopigwa kwenye uwanja wa adui huko Dire Dawa, Ethiopia. Luteni Robert Kershaw akatua pale pale, risasi zikipigwa, akampakia kamanda wake ndani ya chumba cha mtu mmoja, wakapaa wote wawili. Kwa upande wa Italia alikuwapo Mario Visintini, ambaye kwa kawaida huhesabiwa kuwa rubani wa ndege ya mabawa ya ghorofa aliyeangusha ndege nyingi kuliko wenzake wote katika vita vile. Aligonga mlima huko Eritrea Februari 1941, hali ya hewa ikiwa mbaya, akiwatafuta wenzake waliopotea. Na kwa kuwa njia za baharini zilikuwa zimefungwa, Waitalia walizileta CR.42 za ziada zikiwa zimefunguliwa vipande, ndani ya matumbo ya ndege kubwa za SM.82. Mchezo wa kuzuia SM.82 moja iliyobeba CR.42 iliyofunguliwa ni mchezo mzuri wa jioni nzima.

Sasa yule aliyeamua kununua kwa ajili ya vita hivi atakutana na tatizo ambalo picha za boksi hazimwonyeshi. CR.42 na Gladiator zote zina injini ya duara puani, mabawa mawili mawili, magurudumu yasiyokunjwa. Vitabu vya kutambua ndege vinasema tofauti ni rahisi: bawa la chini la CR.42 ni fupi sana kuliko la juu, nguzo zake zimepangwa kwa mshazari kama herufi W, na rubani amekaa wazi; Gladiator mabawa yake yanalingana, na rubani amefunikwa kwa kioo. Ni kweli. Ila mchezaji haitazami ndege kwa ubavu. Anaitazama kutoka juu, na kutoka juu bawa kubwa limefunika lile dogo, limefunika nguzo, limefunika na nusu ya rubani. Upana kwa 1/144 ni sentimita 6.7 kwa moja na 6.8 kwa nyingine. Wachezaji wawili waungwana wanaweza kila mmoja kusogeza ndege ya mwenzake bila kukusudia.

Dawa ni rangi ya mgongo. CR.42 za Afrika Mashariki hupendeza kwa rangi ya mchanga yenye mabaka ya kijani, na msalaba mweupe mkiani ambao Waitalia waliupaka tangu 1940. Gladiator ipewe kahawia na kijani kizito cha Kiingereza, kwa vipande vikubwa vyenye mpaka unaoonekana. Mabaka ya Kiitalia yapakwe makubwa kuliko yalivyokuwa. Yakipakwa kwa kipimo sahihi, kwa umbali wa mita moja yatachanganyika kuwa rangi moja ya matope. Rangi yenyewe ichanganywe na nyeupe kidogo, maana kitu kidogo kilichopakwa rangi halisi ya ndege kubwa huonekana cheusi chini ya taa ya chumbani. Wapenzi wa usahihi watanung'unika. Lakini usahihi usioonekana haumsaidii mtu anayetafuta ndege yake kati ya nyingine kumi.

Mengine ni ya fundi, na hayahitaji maneno mengi. Ndege za chuma laini ni tamu kushika, nazo kwa 1/300 hazina shida. Kwa 1/144 uzito wake juu ya kijiti kirefu huangusha kitako, hasa zikiwa mbele ya meza ambako mikono mingi hupita. Plastiki ni nyepesi na ndiyo chaguo la busara kwa 1/144. Zvezda wa Urusi wanatengeneza ndege za 1/144 za vipande vichache vinavyobana bila gundi, zilizokusudiwa mchezo tangu mwanzo, na ubora wake unashinda bei yake. Resini inayotoka kwenye printa imefungua milango ya aina adimu, ila nguzo za mabawa ya ghorofa zikichapwa kwa unene wa kweli hukatika kama si leo kesho. Tundu la kijiti litobolewe pale ndege inapokaa sawa ikiwekwa juu ya ncha ya kidole, ambapo mara nyingi ni mbele kidogo ya katikati ya bawa. Propela zing'olewe zote. Ndege iliyo angani haina propela inayoonekana, na kiduara cha plastiki angavu kilichokatwa kwenye kifuniko cha chakula kinatosha kwa anayeona pua tupu ni aibu.

Magurudumu ni jambo la kuangalia kabla ya kulipa. Baadhi ya modeli huja zikiwa zimefungua magurudumu na hazina njia ya kuyafunga bila kukata na kujaza. CR.42 na Gladiator haziulizi swali hilo kabisa, na hiyo ni sababu nyingine ya kuzipenda. Hurricane zinunuliwe za kukunja, isipokuwa moja, iliyoshusha magurudumu, kwa ajili ya Dire Dawa.

Wapo watakaosema: mbona vita vya Rufiji havitajwi, navyo ni vya kwetu zaidi? Baada ya kuizamisha HMS Pegasus kwenye bandari ya Zanzibar Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji, na Waingereza walileta ndege kuitafuta. Ya kwanza ilikuwa ndege ya majini aina ya Curtiss ya rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliyeishia kutekwa. Zikafuata Sopwith mbili za majini ambazo joto la pwani lilizishinda, kisha za Short. Hatimaye ndege za Farman na Caudron zikaruka kutoka kisiwa cha Mafia. Tarehe 11 Julai 1915, John Cull na Harwood Arnold waliielekeza mizinga ya manowari za Kiingereza Severn na Mersey kutoka angani mpaka injini yao ilipopigwa wakaangukia mtoni, na Königsberg ikaangamia siku hiyo.

Ni kisa kikubwa, lakini kwa mchezo wa ndege dhidi ya ndege hakifai, maana ndege za adui hazikuwapo. Ndege hapo ni jicho la mzinga. Mchezo wake ni wa meli na mikoko, kwa kipimo cha meli, na ndege inakuwa alama ndogo ambayo mtu anaweza kuitengeneza kwa waya na karatasi. Kununua Farman ya bei kwa ajili ya hilo ni anasa, ingawa ni anasa ambayo mtu wa Mafia anaweza kusamehewa.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kati ya Tanzania na Uganda, ni habari nyingine. Vinavutia kwa sababu ndege zake zinapatikana kila duka: MiG-21 na MiG-17, zote ndogo, sentimita 5 na 6.7 kwa 1/144. Lakini mapambano ya ndege kwa ndege hayakuwa kiini cha vita vile. MiG nyingi za Uganda zilikuwa zimeshateketezwa ardhini Entebbe na Waisraeli Julai 1976, na vita vyenyewe viliamuliwa kwa miguu na mizinga. Libya, iliyokuwa ikiisaidia Uganda, ilipotuma ndege ya Tu-22 kuipiga Mwanza, makombora yake yaliangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane. Ndege hiyo ina urefu wa zaidi ya mita 41, sawa na sentimita 29 kwa 1/144, na ingehitaji meza yake peke yake. Tena kuna sababu nyingine ya kwenda polepole. Waliopigana Kagera bado wapo, wengine huenda wanasoma makala haya, na mchezaji mwenye adabu angeomba ruhusa ya babu aliyeko kwenye kiti cha jirani kabla ya kurusha dadu juu ya mpaka wa Mutukula.

Wanaotaka ndege kwa ajili ya mchezo wa askari wa ardhini wana hesabu tofauti. Pamoja na askari wa milimita 28, ndege ya 1/72 inakaa vizuri kuliko ya 1/48 ingawa kwa kipimo ni ndogo mno, kwa kuwa ndege iko juu na jicho hulitarajia hilo. Ile ya 1/48 hufunika kijiji kizima. Pamoja na askari wa milimita 15, ndege za 1/144 zinatosha. Kwa askari wa milimita 6, 1/300 ni kipimo kilekile na mjadala umekwisha.

Kwa vita vya CR.42 na Hurricane, basi, ushauri ni 1/144: CR.42 nne, Gladiator mbili, Hurricane mbili na ile moja iliyoshusha magurudumu. Wanaopenda antena zao wachukue 1/300 na hakuna atakayewalaumu. Ndege ya mabomu isubiri mpaka wachezaji wameshindana mara kadhaa, kwa sababu mabomu hubadilisha mchezo kuwa wa kulinda na kushambulia, na anayeanza anahitaji kwanza kujifunza kugeuka.

Ikifika zamu ya mabomu, ndipo uhaba utakapoonekana. Viwanda vina Spitfire za kila mwezi wa vita, lakini Hawker Hartbees, ambazo nyingi ziliundwa Pretoria, na Caproni Ca.133 za Waitalia si vitu vya kukutwa kwenye rafu ya kawaida. Junkers Ju 86 nayo ina kichekesho chake: Waafrika Kusini walizichukua kutoka shirika lao la ndege za abiria, wakazifunga mabomu, wakaenda kuwapiga Waitalia kwa ndege ya Kijerumani. Vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wenye printa za resini, ambao sasa wanachapa vishikio vya simu na vikombe vya zawadi, wana soko hapa ambalo kampuni za Ulaya zimeliacha. Ndege ya kuanza nayo ni Ca.133: sentimita 15 kwa 1/144, injini tatu, bawa moja la juu, magurudumu yasiyokunjwa, na nguzo chache zinazoweza kufanywa nene kwa milimita moja bila mtu yeyote kulalamika.